Molekuli Zilizofunguka Mlizitupa Wapi?

Vijana, neno ninalolichukia kuliko yote katika kazi yetu ni "imekubali." Mtu anakuja nyumbani kwangu hapa Isevya, ananiamkia vizuri, anakaa, anafungua kompyuta mapajani na kuniambia, "Bibi, modeli imekubali." Imekubali nini? Imekubaliana na nani? Kompyuta ingekuwa na akili ya kukataa, wengi wenu msingehitimu. Kompyuta inakubali kila kitu. Iambie kwamba maji ya kunywa yanaganda barafu hapa Tabora mwezi wa kumi, itakubali, halafu itakuchorea grafu ya rangi.

Mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi, eti ziwasaidie nyinyi mnaoanza. Haya, naandika, lakini msitegemee maneno laini. Bado nina hasira na kilichotokea Ipole kipupwe kilichopita, asali ya Mama Eliya na wenzake ilipoharibika kwa sababu ya grafu nzuri. Nitafika huko. Kwanza lazima muelewe kazi yenyewe, maana naona hata wanaoifanya siku hizi wengi hawaielewi.

Mimi nilikuwa naiga mwendo wa molekuli kwenye kompyuta. Nimezaliwa Bukene, jirani na stesheni ya treni, na kwetu mpaka leo hakuna anayeamini kwamba hiyo ni kazi. Shangazi yangu alifariki akijua kwamba nilikuwa nauza kompyuta Dar es Salaam, na nilishaacha kumsahihisha. Kazi yenyewe ni hii: unachukua protini, unaizungushia maji, na kompyuta inahesabu kila atomu inavutwa na kusukumwa na nani. Inaisogeza kidogo mno, kisha inahesabu upya, na upya tena; huo ndio tunaouita mwigo. Unaweza kungoja wiki nzima ili uone jambo ambalo kwa kweli huisha kabla mtu hajapepesa jicho. Umeme ukikatika katikati, na hukuhifadhi kazi njiani, unaanza upya. Kwa hiyo hifadhini njiani. Nimewaambia mara ngapi?

Aliyenifundisha ni Mzee Pazi. Alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu, na hakuna siku aliyoacha kulitumia hilo. Siku moja alinikuta nasubiri hesabu yangu imalizike, nimechoka, nimeweka kichwa mezani. Akasimama nyuma yangu.

"Nyie Wanyamwezi nyie! Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka huko kwenu mpaka pwani kwetu, mpaka leo hamjajifunza kutua. Sasa unataka kubeba kila atomu kichwani! Tua mzigo, dada!"

Kutua mzigo kwake kulikuwa ni kurahisisha. Unachukua atomu nne au tano zinazotembea pamoja, unazihesabu kama kitu kimoja, na kitu hicho tulikiita ushanga. Protini inakuwa uzi wa shanga. Hesabu inayochukua wiki inaisha kabla chai haijapoa. Tatizo ni kwamba ushanga haupo duniani, umeutunga wewe. Sasa utajuaje unavyovutana na wenzake? Zamani tulikisia. Tulipachika namba, tukaendesha mwigo mzima, tukalinganisha na ule wa atomu zote, tukaona tumekosea, tukabadilisha namba. Miezi ilikwisha hivyo, na nywele zangu nyeusi zilikwisha nazo.

Kisha ikaja mashine ya kujifunza yenyewe. Msinifanye bibi wa kulaani mashine. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kucheza. Unaendesha mwigo wa atomu zote kwa muda, unachukua picha nyingi za protini ikiwa katika kila hali, pamoja na nguvu zilizoisukuma, unailisha mashine. Yenyewe inatafuta kanuni ya shanga zako. Kazi ya miezi, siku chache. Lakini mashine hiyo inajua kile tu ilichoonyeshwa. Nimelisema hili darasani, koridoni, kwenye simu, na mara moja kwenye harusi, na bado mnaniangalia kama nazungumza Kigiriki.

Kulikuwa na binti mmoja kazini kwetu, mwerevu sana, ambaye protini yake ilijifinya mpaka ikawa kidonge. Shanga zilikuwa zinaingiana, moja ndani ya nyingine, kama vile hazina mwili. Akanijia analia kwamba mashine imerogwa. Haikurogwa. Katika zile picha alizoilisha, hakuna hata moja ambayo shanga mbili zimeingiana, kwa sababu jambo hilo halitokei. Sasa kitu ambacho mashine haijawahi kukiona, haijui kwamba ni marufuku. Dawa yake ni rahisi: kabla hujaanza kuifundisha, weka kanuni kwa mkono wako mwenyewe kwamba shanga zikikaribiana mno zinasukumana. Mengine yote iache ijifunze. Binti yule siku hizi ana wanafunzi wake, na nasikia anawafokea kwa sauti yangu.

Na lile la maji kuganda sikulitunga. Tulipoanza kurahisisha, tulichukua molekuli nne za maji tukazifanya ushanga mmoja. Feni ya ofisi ilikuwa imeharibika, sisi tunatiririka jasho la Dar es Salaam, na kwenye skrini maji yetu yameganda barafu. Shanga zote zilikuwa na ukubwa mmoja, kwa hiyo zilijipanga vizuri mno zikakataa kutikisika. Tulichanganya chache zenye ukubwa tofauti kidogo, zikashindwa kujipanga, maji yakawa maji. Mzee Pazi alicheka mpaka akatoka nje, akarudi na kikombe kuomba barafu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Mzee Pazi alikuwa na desturi. Kila Jumatatu, kabla hajatazama kazi nzuri, alidai aonyeshwe iliyokufa: miigo iliyolipuka atomu zikatawanyika, iliyoganda, iliyokwenda kombo. Na kwa kuwa mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko, alikuja kwenye meza yangu na kuililia kwa sauti. "Uwii, marehemu alikuwa mwigo mzuri, ameacha grafu mjane!" Ofisi nzima inacheka, mimi nataka kujificha chini ya meza. Lakini sikuweza kukasirika, na sikuweza kumficha, kwa sababu mtani hafichwi kitu. Akimaliza kulia anavuta kiti, anakaa, na tunatafuta kilichoiua. Karibu kila kitu ninachokijua katika kazi hii nilikijua kwenye misiba ile.

Nyinyi hamna watani kazini. Nyinyi mna heshima, na heshima hiyo siku moja itaniua.

Evarist ni kijana wa Ulyankulu, wa zile familia za Kikatoliki ambazo wazee wao walitoka Burundi. Amelelewa hasa. Ukimpa kitu anapokea kwa mikono miwili, ukisimama anasimama, ukipiga chafya anakutakia afya mpaka unajuta kupiga chafya. Anasomea shahada ya uzamili, na chuo chake kiliniomba nimwangalie kazi yake kwa kuwa nimestaafu na nipo karibu. Nilikubali kwa furaha. Ni kijana mwenye akili.

Kazi yake ilitokana na kikundi cha kina mama wafuga nyuki wa Ipole. Mwenyekiti wao ni Mama Eliya, mwanakwaya wa Moravian, rika langu. Kila kipupwe asali yao inakuwa nzito, haichujiki, inabidi ipashwe moto ndani ya maji ya moto. Mwaka jana walipata mnunuzi mpya, na mnunuzi huyo hapimi uzito tu. Anapima kama kimeng'enya cha asali bado kizima. Kimeng'enya ni protini iliyojikunja kwa mkunjo wake. Joto likizidi mkunjo unafunguka, na kazi yake imekwisha, kama yai ukishalichemsha. Kikifa, mnunuzi anageuza lori. Kwa hiyo kina mama walitaka kujua jambo moja: wapashe moto mpaka wapi?

Nilimuuliza Evarist swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Kwa nini hampimi asali yenyewe?"

"Dawa za kupimia zimeagizwa, Bibi. Hazijafika."

"Basi ngojeni zifike."

"Tunangoja, Bibi. Wakati tunangoja, naiga."

Sikuwa na ugomvi na hilo. Mwigo unakuonyesha pa kuanzia kupima. Haujawahi kuwa badala ya kupima, na atakayewaambia vinginevyo ana kitu anauza. Alifanya kazi nzuri: akaendesha miigo ya atomu zote kwa joto la viwango mbalimbali, kimeng'enya kikiwa ndani ya sukari na maji machache kama kwenye asali, akaifundisha mashine yake kwa picha hizo, kisha akaendesha mwigo wa shanga kwa muda mrefu. Hakufundisha kwa joto la chumbani akaenda kutabiri la jikoni, kosa ambalo nimeliona kwa watu wenye majina makubwa. Nikajisemea, huyu kaelewa.

Jumamosi moja asubuhi akaja kunionyesha matokeo. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Fungua tuone."

Akafungua. Mistari yote, ile inayopanda mkunjo ukifunguka, ilikuwa imelala, mizuri, laini. Joto la chini, kimeng'enya kizima. La kati, kizima. Akapandisha mpaka joto ambalo mimi singeweza kutia kidole, na kimeng'enya kimekaa tu, kimejikunja, kimetulia kana kwamba kipo kanisani.

"Imekubali, Bibi," akasema, na akatabasamu.

"Evarist, hicho ni kimeng'enya au jiwe?"

Akacheka kwa adabu. Mimi sikucheka. Nikamwambia anionyeshe miigo ya atomu zote, ile aliyofundishia mashine. Nayo mistari yote imelala. Nikamuuliza, katika joto lile la juu, hakuna hata mmoja uliofunguka? Akatazama mikono yake.

"Ilikuwepo, Bibi. Niliitoa."

"Uliitoa?"

"Mistari yake ilikuwa inapanda na kuyumba. Ilikuwa michafu. Nilidhani imelipuka. Na hata kama haikulipuka..." Akaifunga kompyuta nusu. "Bibi, wewe ni mtu mzima. Umestaafu, unanisaidia bure. Nitakuleteaje vitu vilivyovunjika? Nyumbani mgeni hapewi chakula kilichoungua."

Alikuwa amekaa na miigo yake yote, akachambua kila uliofunguka, akauweka kando kama anavyochambua mtu mawe kwenye mchele, akailisha mashine miigo mizuri tu. Mashine ikajifunza kwa uaminifu kabisa kwamba duniani hakuna kimeng'enya kinachofunguka. Iliona wapi? Ilionyeshwa na nani? Na yote hayo ili mimi nisikwazike!

"Mlizitupa wapi?" nikamuuliza, nikiwajumlisha na nyinyi wote. "Molekuli zilizofunguka mlizitupa wapi?"

"Sikuzitupa, Bibi. Zipo kwenye folda nyingine."

"Hizo ndizo kazi yako! Hizo nyingine ni mapambo!"

Hapo ndipo akasema jambo lililonifanya nitafute viatu. Jana yake alikuwa amempigia simu Mama Eliya. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja wiki ile, mama wa watu amehangaika, na Evarist hakutaka kumwacha bila jibu. Alimwambia wapashe moto bila wasiwasi mpaka joto lile la juu, kimeng'enya kinavumilia. Kina mama walikuwa wanaanza asubuhi ile.

Tukapiga simu. Haipatikani. Tukapiga tena. Mama Eliya huacha simu yake dukani ichajiwe, na akiwa kazini haendi kuifuata. Nikaomba gari la jirani na dereva wake, tukashika barabara ya Sikonge. Njia nzima mimi nilisema vya kututosha wote wawili.

Harufu ilitupokea kabla ya watu. Mnajua asali ikipashwa vizuri inanukia maua. Ile ilinukia sukari iliyosahauliwa jikoni. Nyuma ya jengo la kikundi kulikuwa na pipa la maji juu ya moto wa kuni, ndoo zimezamishwa ndani, kina mama wawili wanakoroga na mmoja ameshika kipimajoto kama alivyoelekezwa. Ndoo zilizokwisha zilikuwa zimepangwa safi ukutani, zimefunikwa. Nikafunua moja. Ilikuwa nyeusi kama chai iliyolala.

Nawaambia mwisho wa asali hiyo sasa hivi ili msinisumbue kuuliza. Mnunuzi alichukua ndoo chache ambazo hazikuwa zimepashwa, nyingine akazikataa. Nyingi zilichukuliwa na wapika wanzuki, na pombe ile, nimeambiwa, ilikuwa nzuri. Dawa za kupimia zilifika baadaye, kama kawaida ya vitu vinavyohitajika. Evarist ameirudishia mashine yake miigo yote aliyoificha, na kimeng'enya chake sasa kinafunguka kinapopaswa kufunguka. Grafu zake siku hizi ni mbaya, zinayumba, na ndizo ninazopenda kuziangalia. Lakini siyo hilo nililotaka kuwaachia.

Mama Eliya alitupokea kwa furaha. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaagiza viti, akaleta chupa ya chai kabla hatujasema lolote. Evarist akamwamkia, akabaki amesimama. Nikamwambia, sema. Akasema yote, bila kuficha hata kidogo, kwamba alikosea, kwamba jibu alilompa halikuwa jibu, kwamba asali imeharibika kwa maneno yake.

Mama Eliya akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa upole, "Haina neno, mwanangu. Ni mambo ya dunia. Kaa unywe chai."

Haina neno! Kikundi kizima kilikuwa kimeingia porini, kimelala huko, kimeng'atwa na nyuki usoni, na mavuno yao yamesimama ukutani yamekuwa meusi, naye anasema haina neno. Nikamuuliza taratibu, "Mama Eliya, wewe ulianza kuona inabadilika rangi lini?"

"Tangu ndoo ya kwanza."

"Na ukaendelea?"

"Sasa ningesemaje, dada?" Alikuwa anashangaa kwamba namuuliza. "Ninyi ndio mliosoma. Kijana mwenyewe amepiga simu kwa adabu zake, amenipa shikamoo, kaniuliza hali za watoto. Nianze kumbishia?"

Hapo nililipuka. Nilimfokea mwanamke wa rika langu, mbele ya wenzake, chini ya paa lake, nikiwa na kikombe chake mkononi. Nikamwambia asali ni yake! Nyuki ni wake, kuni ni zake, pua ni yake! Kama moyo wake unaona neno, basi ina neno, na hakuna shahada ya mtu yeyote inayostahili kulindwa kwa ndoo hata moja ya asali ya Ipole. Kina mama wakaacha kukoroga. Evarist akanitazama kama mtu anayeona nyumba ya Mungu inavunjwa.

Mama Eliya aliweka chupa chini. Akaziangalia zile ndoo moja moja mpaka ya mwisho. Kisha akamgeukia Evarist, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kukaribisha wageni.

"Umeniharibia asali yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Mayo wee, umeniharibia! Hawa nimewaambia mimi. Nimewatoa majumbani kwao mimi, nikasema mwaka huu watoto wataenda shule na sare mpya. Nitawaambia nini? Nitawaambia kompyuta? Unajua mzinga mmoja unavyopandishwa mtini? Umewahi kupanda wewe? Sema!"

"Sijawahi, Mama."

"Basi mbona hukuja kutazama? Mbona hukuja hata siku moja ukatia mkono kwenye ndoo?"

Mmoja wa kina mama akamshika bega, akamnong'oneza kwamba awastahi wageni. Nikamwambia yule mama amwache, na huo ulikuwa mchango wangu wa maana siku ile.

Nilidhani Evarist ataomba radhi tena, apige magoti, alie, na sote turudi kwenye chai. Hakufanya hivyo. Alikwenda ukutani, akafunua ile ndoo ya kwanza, akainama akanusa, kisha akageuka.

"Mama, hii ya kwanza, ulipoanza kuona rangi inageuka, kipimajoto kilikuwa kinasoma ngapi?"

Mama Eliya akamjibu kwa ukali, karibu amrushie jibu usoni. Akamuuliza ya pili. Akamjibu, bado anafoka, anaonyesha kwa kidole ndoo ipi ilikaa motoni zaidi na ipi iliwahi kutolewa, na kijana anafuata kidole kile ndoo hadi ndoo, anafunua, anauliza tena, na hakuna aliyemwambia mama anyamaze.